Alama ya Tope kwenye Ukuta wa Masaba

Magunia kumi na mawili ya karanga za mbegu, ng'ombe wawili wa kulimia, meno mawili ya Wandera, na shule ya msichana mmoja anayeitwa Athieno. Hiyo ndiyo jumla. Nimeihesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu, na mara ya pili ilitoka vilevile. Yote hayo yalilipia maneno machache ambayo sikuyasema. Nimefanya biashara mpakani tangu nikiwa na miaka kumi na sita. Nimenunua maharage Kirewa nikayauza Busia upande wa Kenya, nimeuziwa chumvi yenye mchanga, na mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nimewahi kuwapimia watu kwa gorogoro iliyobonyezwa kitako, ile ambayo kwa nje ni kopo zima la kilo mbili na kwa ndani imepungua ngumi moja. Katika biashara zote hizo sijawahi kukutana na kitu cha bei ghali kama kunyamaza.

Tulimzika Wandera mwezi uliopita, kwao Masaba. Nilihesabu viti vya plastiki chini ya hema: mia moja na arobaini, na waliokaa walikuwa mia moja na thelathini na wanane, maana viti viwili vilikuwa na miguu iliyopasuka na watu wa Masaba si wajinga. Mchungaji wetu wa sasa, kijana ambaye mwaka ninaotaka kuusimulia alikuwa hajazaliwa, alisimama karibu na jeneza akaeleza habari ya watu watatu. Marehemu Wandera, akasema, na Mzee Owor aliyetangulia, na mama yetu Nyaketcho aliyeketi pale mbele, ndiye mimi, walitumwa na kanisa kuipeleleza nchi, kama wale wa jangwani, wakarudi na habari ya imani. Mvua ilikuja, ndiyo. Mazao yalipotea, ndiyo. Lakini imani haikupotea. Watu wakaitikia amina. Na mimi nikaitikia, kwa sauti ya mtu anayenunua kitu asichokihitaji. Kisha akaongeza kwamba kanisa limepata shamba lingine la kukodi, upande wa Kiyeyi, bondeni, na kwamba mama Nyaketcho, aliyebaki peke yake katika wale watatu, ndiye atakayewaongoza vijana kwenda kuliona. Athieno alikuwa ameketi kando yangu. Siku hizi ndiye mweka hazina wa kanisa, mama mtu mzima mwenye miwani. Aliinama akaninong'oneza bila kunitazama, "Shangazi, mama yangu alikufa akisema ulijua. Ulijua?" Nikamwambia anipe muda. "Muda gani tena? Umekaa nao miaka thelathini na mitatu." Ilinijia kumjibu kwamba Wana wa Israeli walipewa arobaini, kwa hiyo bado nina saba yangu. Nikaumeza mzaha huo pamoja na soda ya msibani. Nimezoea kumeza.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na kila Alhamisi alasiri nilifunga meza yangu sokoni mapema ili niwahi sebuleni kwa Mwalimu Obbo, Kirewa. Hakuwa mwalimu wa shule, alikuwa mwalimu wa kanisa, yule anayefundisha pale ambapo mchungaji hafiki. Sebule yenyewe ilikuwa na viti vinne vyenye vitambaa vilivyofumwa na mkewe, benchi moja linaloyumba, na mikeka. Tulikuwa kaya kumi na nne. Mabati yalikuwa yakilia tiki, tiki kwa joto, na nyuma ya ukuta tulisikia mwiko wa mke wa Mwalimu ukigonga sufuria ya ugali wa wimbi, kwa hiyo kila somo lilikuwa na harufu ya chakula ambacho hakijaiva. Kwa dirisha tuliliona Jabali la Tororo kwa mbali, na Mwalimu alipofundisha habari za mlima ambao Musa aliupanda, alilinyooshea mkono kana kwamba Musa bado yuko kule juu na atashuka saa yoyote. Mwaka mzima alitufundisha safari moja tu, ile ya jangwani. Alipofika kwenye mana, alichukua gorogoro yangu mwenyewe, akaiinua. "Kila kichwa, kipimo kimoja," akasema. "Anayekusanya kingi hakimzidii, anayekusanya kidogo hakimpungukii." Nikauliza, "Mwalimu, hicho kipimo ni cha kununulia au cha kuuzia?" Chumba kizima kilicheka. Mwalimu alicheka pia, akageuza gorogoro, akapapasa kitako chake kwa kidole gumba, akanitazama. "Ndiyo maana siku ile Mungu alipima mwenyewe, Nyaketcho."

Mvua za kwanza za mwaka ule zilikataa. Mahindi yalifika magotini yakasimama hapo, kama mtu aliyesahau alichofuata. Katika mikutano yetu ya Alhamisi tulikuwa tukila pamoja baada ya somo, na nilianza kuona tofauti katika sahani: kwanza nyama iliondoka, kisha njegere, mpaka ikabaki mboga ya kunde bila chochote cha kuilainisha. Okoth, mtu wa maneno mengi na tumbo kubwa zaidi ya maneno yake, alisukuma sahani siku moja akasema, "Hata Misri kulikuwa na vitunguu." Mzaha tu. Lakini ilikuwa Alhamisi ile ile tuliyosoma jinsi wanung'unikaji walivyoadhibiwa, na watu walikuwa na njaa, na mwenye njaa hana subira na mzaha wa mwenye njaa mwenzake. Sikumbuki nani aliyesema kwanza kwamba Okoth akae nje ya kambi siku saba. Najua tu kwamba wote tulinyoosha mikono. Siku saba Okoth alikuja kila jioni kwenye maombi akakaa kizingitini kwa Mwalimu, miguu nje, akisikiliza kwa mlango uliofunguliwa nusu, na sahani yake ikapelekwa hukohuko, na hakuna aliyemwamkia. Nilizihesabu siku zake. Nilizihesabu kama mtu anayehesabu hatua za mbwa anayekuja upande wake. Mwalimu hakuipenda ile adhabu. Niliona, kwa sababu kila jioni alisimama akisoma karibu na mlango, na sauti aliielekeza nje. Lakini hakuikataza.

Ndipo Wandera akaja na habari ya shamba. Alikuwa Msamia aliyeoa kwetu, kijana mwembamba, fundi wa baiskeli, na mjomba wake alikuwa na ekari kumi na mbili Masaba, zimekaa bure kabisa, hazijapandwa, za kukodi kwa msimu mmoja. Tupande karanga mvua za pili, tuvune kabla ya Krismasi, tugawane kwa kaya. Mwalimu alimwomba Mungu siku tatu. Siku ya nne akatuita watu watatu: Wandera kwa sababu ya lugha, Mzee Owor kwa sababu alijua udongo kwa kuulamba, na mimi kwa sababu ya bei. Alhamisi iliyotangulia alikuwa amefundisha habari za wapelelezi kumi na wawili: kumi waliorudi na habari mbaya wakafa, wawili waliorudi na habari njema wakaingia nchi. Sasa alitusimamisha sisi watatu mbele ya mikeka akasema maneno ambayo nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko jina langu. "Nendeni mkaione nchi ilivyo. Udongo wake, miti yake, watu wake wanakaa wapi. Mrudi mniambie." Hakuongeza neno. Sisi ndio tuliosikia mengine ambayo hakuyasema.

Tulikwenda kwa baiskeli, Mzee Owor amebebwa nyuma ya Wandera kama gunia linalolalamika. Shamba lilikuwa zuri. Lazima niseme hivyo, maana ningekuwa muuzaji ningelisifu vilevile: udongo mweusi, laini, nyasi ndefu, kijito upande wa chini kinachong'aa. Mzee Owor aliokota udongo, akaulamba, akafumba macho. Mjomba wake Wandera alitupa maziwa, akataja bei ya ekari. Nikataja nusu yake. Hivyo ndivyo inavyoanza: unataja nusu, mwenzako anashika kichwa, anamwita Mungu, anakuuliza kama unataka watoto wake walale njaa, unaondoka, anakuita, mnakutana katikati. Yule mzee akasema, "Sawa."

"Sawa?" nikauliza.

"Sawa, mwanangu. Ninyi ni watu wa Mungu."

Miaka mitano nilikuwa sokoni, na sijawahi kupunguziwa kitu kwa sababu mimi ni mtu wa Mungu. Moyo wangu ulifanya kile unachofanya ukipokea noti ambayo ni laini kupita kiasi kuwa halali. Nikaomba ruhusa kwenda kujisaidia, nikazunguka shamba lote kwa miguu. Upande wa chini nikakuta kibanda kilichoachwa, paa limeanguka, kuta za udongo zimesimama. Ukutani, pande zote nne, palikuwa na mstari. Chini yake ukuta ulikuwa na rangi ya kijivu na umeliwa, juu yake ulikuwa mwekundu na mzima. Mstari ulikuwa umenyooka kama umechorwa kwa rula. Nikaupima kwa mkono: shubiri mbili na vidole vitatu kutoka chini. Nikapima tena. Shubiri mbili na vidole vitatu. Mbele kidogo kulikuwa na mama anapalilia magimbi.

"Mama, habari ya kazi. Kwa nini hapa mnapanda magimbi tu?"

"Magimbi inapenda maji."

"Maji gani? Hapa si pakavu?"

Alinitazama kama anayemtazama mtoto. "Sasa ndiyo kavu. Ngoja mwezi ya kumi. Wenye nyumba hii wewe unafikiri walikwenda wapi? Walikwenda juu." Akarudi kwenye jembe lake. Hakuwa na sababu ya kunidanganya. Hakuwa akiniuzia chochote.

Niliwaambia wenzangu njiani, tulipopumzika kabla ya kufika Busia. Niliwaambia yote, na vipimo. Wandera alikuwa amepewa na mjomba wake mkungu wa ndizi mkubwa, mrefu kama mtoto wa darasa la nne, na alikuwa akiufunga kwenye baiskeli. Mikono yake ikasimama. "Dada Nyaketcho," akasema, "mimi kule Kirewa ni mgeni. Nikisema mjomba wangu alitaka kuwauzia maji, nitakaa wapi? Tena tukisema habari mbaya, sisi ni wale kumi." Mzee Owor alikuwa anakanda magoti yake. "Mimi niliusikia unyevu ulimini," akasema. "Lakini nimechoka kula kunde. Mungu akifungua mlango, mimi si wa kusimama kuhesabu nyufa za mlango." Wakanitazama. Ningeweza kusema nililemewa na wengi, wawili kwa mmoja. Lakini sikulemewa. Nilimwona Okoth kizingitini. Nilijiona mimi kizingitini, sahani magotini, na siku ya nane nikienda kununua maharage kwa watu wale wale ambao hawakuniamkia siku saba, na hakuna atakayenipa hata kikombe kwa mkopo. Nikasema, "Mvua nyingine huwa zinapita kando." Hiyo ndiyo imani niliyokuwa nayo siku ile, imani kwamba hali ya hewa itanificha.

Tulipokaribia Kirewa Wandera alikata fimbo, tukaushusha mkungu, wakaubeba wawili mabegani, yeye na Mzee Owor, kama kile kichala cha zabibu cha wapelelezi kilichoandikwa. Sikuwazuia. Vigelegele vilianza tungali mbali. Jioni ile ile tukakaa sebuleni, kaya zote kumi na nne, na Okoth ndani, amemaliza siku zake, ameketi karibu na mlango kama aliyezoea. Mwalimu akauliza, "Nchi ikoje?" Wandera akasema ni nzuri. Mzee Owor akasema udongo ni mweusi. Mimi nikataja bei, nusu kamili ya ile tuliyotajiwa, na chumba kikanguruma kwa furaha. Ndipo Mama Athieno akainua kichwa. Alikuwa mjane, hakujua kusoma, na hakuwahi kukaa bure: hata wakati wa somo alikuwa na ungo magotini akichambua mawe katika maharage ya mtu. Athieno alikuwa kando yake, msichana wa miaka kumi na minne, aliyefaulu darasa la saba vizuri kuliko wavulana wote wa pale. Nafasi yake sekondari, ambayo shule ilikubali kumwekea kwa kuwa ada ilikuwa haijatimia, ilikuwa inamsubiri mwezi wa pili, na ada yake ilikuwa ndani ya magunia mawili ya karanga za mbegu chini ya kitanda cha mama yake. Hakuna asiyelijua hilo.

"Nyaketcho, mwanangu," akasema. "Wewe ulitaja nusu. Yeye alikataa mara ngapi?"

"Hakukataa, mama."

"Hata mara moja?"

"Mungu alimlainisha moyo!" Okoth akapaza sauti toka mlangoni. Alikuwa na haraka ya kuonekana mtu mwenye imani.

"Farao mwenyewe alipigwa mara kumi ndipo akalainika," akasema Mama Athieno. "Huyu amelainika kwa kikombe cha maziwa?" Watu wakacheka, kisha wakaacha. Mwiko nyuma ya ukuta ulikuwa umenyamaza. Akaweka ungo chini, na hilo peke yake lilitosha kututia hofu. "Mwalimu, mimi sijui kusoma, lakini nilisikiliza. Wale kumi na wale wawili waliona majitu yale yale. Yoshua hakusema majitu hakuna. Alisema yako, twende hivyohivyo. Mimi naweka gunia mbili, na hizo gunia ni huyu mtoto. Sikatai kwenda. Nataka niambiwe majitu ya Masaba ni gani, nikienda niende nikijua."

Mwalimu hakumkemea. Watu wengine walianza kuguna, na mmoja akasema kizingiti bado kina joto la Okoth, lakini Mwalimu aliinua mkono wakanyamaza, na akatugeukia sisi watatu. Akasubiri. Hicho ndicho ninachokikumbuka kuliko maji yenyewe, kwamba alisubiri. Angeweza kufunga mkutano kwa maombi. Alitupa nafasi kama mtu anayeacha mlango wazi na kuangalia pembeni ili usione aibu kutoka. Wandera akasema, "Hakuna kitu, mama." Mzee Owor akarudia habari ya udongo. Mimi nikasema, "Nilipima kila kitu." Na ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli ya gorogoro iliyobonyezwa kitako. Mama Athieno alinitazama muda mrefu, kisha akachukua ungo wake. "Haya," akasema. "Wewe ndiye unayejua kupima."

Tulipanda mwishoni mwa mwezi wa nane. Magunia kumi na mawili, mimi ndiye niliyeyahesabu yakiingia ardhini, gorogoro kwa gorogoro. Ng'ombe walikuwa wa Mwalimu. Tulijenga vibanda vya nyasi upande wa juu, mbali na kile kibanda cha chini, kaya zikapeana zamu, na kwa wiki saba nilikuwa nalala nusu. Karanga ziliota vizuri mno. Zilitoa maua ya njano, na watu waliimba wakipalilia, na mimi niliangalia mawingu upande wa ziwa kama mtu anayedaiwa anavyoangalia njia. Kila niliposikia mtu anamshukuru Mungu kwa ajili ya shamba lile, nilihesabu kitu fulani, mistari, majembe, vifaranga vya jirani, chochote. Mara moja Athieno alikuja na daftari lake, akanionyesha orodha ya vitu vya shule: sanduku, kalamu, viatu vyeusi, shuka mbili. Aliniomba nimtafutie bei ya viatu Busia, kwa sababu mimi sidanganywi. Nikamwambia nitamtafutia.

Mwezi wa kumi, wiki ya tatu, ilinyesha siku tatu. Si mvua ya kutisha, mvua tu. Asubuhi ya nne maji hayakuja mbio kama yale ya Bahari ya Shamu. Yalipanda taratibu kutoka chini ya majani, bila kelele, kama mtu anayeamka. Kufikia saa nne tulikuwa tunang'oa mashina kwa mikono, vifundo vya miguu ndani ya maji, na karanga zilizotoka zilikuwa nyeupe na laini, ndogo kama meno ya mtoto. Kufikia adhuhuri tuliacha kung'oa. Watu walisimama upande wa juu wakitazama. Mama mmoja alianza wimbo, ukamfia mdomoni. Okoth alimwendea Wandera. "Mjomba wako," akasema, "mjomba wako," na hakuweza kumaliza, akampiga ngumi, na meno mawili yakaenda na maji. Wandera hakurudisha. Alishika mdomo akanitazama mimi kupitia vidole. Mama Athieno hakulia. Alikuwa ameketi juu ya gunia tupu, amemshika binti yake mkono, na binti alikuwa na lile daftari ndani ya nguo ili lisilowe.

Nilimwona Mwalimu akishuka ndani ya maji kuelekea kile kibanda kilichoachwa. Nikamfuata, sijui kwa nini, labda kwa sababu muuzaji huwa anarudi kuangalia alichouza. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta. Maji yalikuwa yamefika kwenye mstari. Hayakupungua kidole, hayakuzidi kidole. Akaweka kiganja chake ukutani, juu kidogo ya maji.

"Alama hii ilikuwepo mlipokuja?"

"Ilikuwepo, Mwalimu."

"Uliiona."

"Niliipima. Shubiri mbili na vidole vitatu."

Nilitamani anipige. "Nilikutuma kuona," akasema. "Kuamini ilikuwa kazi yangu mimi, na ya wale kule juu. Wewe kazi yako ilikuwa kuona na kuniambia. Kwa nini hukutii?"

Nikamwambia niliogopa kuwa kama wale kumi. Nikamwambia habari ya kizingiti. Akafumba macho kama mtu aliyeguswa jino bovu. "Basi na mimi sikutii," akasema. "Niliacha watu waogope kusema kweli mbele yangu, nikaita hiyo imani." Nikamuuliza kama atawaambia watu. "Sitakusemea, Nyaketcho. Siku ukiwa tayari, utasema mwenyewe."

Kule juu aliwakusanya watu akasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyewaongoza. Aliuza ng'ombe wake wawili, akanunua mahindi, akagawa kwa vichwa, gorogoro moja moja, na aliniita mimi nipime. Nilitafuta gorogoro mpya. Kisha, tuliporudi Kirewa, Mwalimu Obbo alifanya jambo ambalo hakuna aliyelielewa isipokuwa sisi watatu tuliotumwa. Jioni ya kwanza alifungua mlango wa sebule yake, akatuingiza wote, na yeye akakaa kizingitini, miguu nje. Siku saba. Alifundisha kutoka pale, mgongo ukiwa nusu kwetu, na mkewe akampelekea sahani hukohuko bila kusema neno. Siku ya tatu Mama Athieno alikuja na kigoda chake na ungo wake, akakaa nje kando yake, akachambua maharage mpaka maombi yakaisha. Mara moja tu aliinua macho akaangalia ndani, moja kwa moja pale nilipokuwa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti chenye kitambaa cha kufumwa. Nilizihesabu siku zote saba, na kila siku nilisema kesho.

Tangu wakati huo nimesikia mahubiri mengi kuhusu wale wapelelezi, na karibu yote yanasema kosa la wale kumi ni kuona majitu. Mimi nabisha, hata kama sina cheo. Kosa lao halikuwa macho. Waliamriwa waeleze nchi ilivyo, na walipofika kwenye majitu wakaongeza ya kwao, kwamba Mungu hawezi. Sisi watatu tulipunguza. Kuongeza na kupunguza, mtu wa sokoni anajua, ni wizi uleule. Mwalimu alikufa akiwa ameninyamazia, na Mzee Owor akafa, na kila niliyemzika alinipunguzia shahidi na kuniongezea uzito. Sasa ni Wandera. Pengo lake la meno mawili nililiona ndani ya jeneza, maana hakuwahi kuweka ya bandia. Alisema ni risiti yake.

Athieno, uliniuliza swali msibani, na haya yote ni jibu langu. Nilijua. Mwaka ule ulikaa nyumbani, mwaka uliofuata nafasi yako ilikuwa imepewa mwingine, na mwaka wa tatu nilikuchukua sokoni nikakufundisha kupima, kukataa bei ya kwanza na kuitambua noti mbaya kwa kidole. Watu walinisifu kwa moyo wangu mwema, nami nikajiambia kwamba nimelipa. Sikulipa. Nilikupa kazi yangu badala ya ile uliyoitaka, na viatu vyeusi sikuwahi hata kuuliza bei yake. Jumapili hii nitasimama kanisani kabla ya vijana kwenda Kiyeyi, nitawaambia habari ya ukuta, kisha nitakaa kizingitini siku saba kama mchungaji ataniruhusu, na hata asiporuhusu. Nikienda Kiyeyi nitaangalia kuta, na nitakayoyaona nitayasema yote. Hilo nimelipanga, siombi ushauri juu yake. Ninachoomba ni kitu kingine. Magunia mawili ya mama yako najua kuyarudisha, yako tayari ghalani, nimeyahesabu mara mbili. Lakini wewe ndiye mweka hazina, na wewe ndiye uliyelishika lile daftari lisilowe. Niambie, mwanangu: shule ya mtu inapimwa kwa chombo gani? Kitaje tu, hata kiwe kikubwa namna gani. Safari hii sitasema nusu.